William Henry Perkin

William Henry Perkin (12 Machi 1838 – 14 Julai 1907) alikuwa mwanakemia na mwenye kiwanda kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kugundua moveini, rangi ya zambarau ya kutia nguo iliyokuwa rangi ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu kutokana na anilini na kuuzwa kwa wingi. Aliigundua mwaka 1856 alipokuwa na umri wa miaka 18, wakati akijaribu kutengeneza dawa ya malaria.

Ugunduzi wake unakumbukwa mara nyingi kama bahati njema. Hata hivyo, uchafu wa rangi katika chupa ya maabara haukuwa jambo geni kwa wanakemia wa wakati ule. Perkin alitofautiana na wengine kwa hatua aliyochukua baadaye: alitia rangi ile kwenye kitambaa, akakiosha, akakiacha kwenye mwanga, kisha akawapelekea mafundi wa nguo ili wakijaribu wenyewe. Kwa sababu hiyo jina lake linatajwa katika historia ya kemia na pia katika historia ya upimaji wa uimara na usalama wa vitambaa.

Maisha ya awali

Perkin alizaliwa katika mtaa wa Shadwell, mashariki mwa London, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watoto saba. Baba yake, George Perkin, alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa katika kazi yake. Mama yake, Sarah, alikuwa na asili ya Uskoti. Baba alitamani mwanawe awe msanifu wa majengo.

Akiwa kijana mdogo alionyeshwa na rafiki yake majaribio rahisi ya kutengeneza fuwele, na tangu hapo akavutiwa na kemia. Alisoma katika Shule ya Jiji la London, ambako mwalimu Thomas Hall alifundisha kemia wakati wa mapumziko ya mchana, kwa kuwa somo hilo halikuwa na nafasi katika ratiba ya kawaida. Hall ndiye aliyemsihi mzee Perkin amruhusu mwanawe aendelee na kemia. Kijana huyo alihudhuria pia mihadhara ya Michael Faraday katika Taasisi ya Kifalme.

Mwaka 1853, akiwa na miaka 15, Perkin alijiunga na Chuo cha Kifalme cha Kemia jijini London. Mkuu wa chuo hicho alikuwa August Wilhelm von Hofmann, mwanakemia kutoka Ujerumani aliyekuwa bingwa wa kuchunguza vitu vilivyomo katika lami ya makaa ya mawe. Lami hiyo ilikuwa taka nzito, nyeusi na yenye harufu kali, iliyobaki baada ya makaa ya mawe kuchomwa ili kupata gesi ya taa za mitaani. Perkin alifanya kazi kwa bidii, na baada ya muda mfupi Hofmann akamfanya msaidizi wake.

Ugunduzi wa moveini

Katika miaka ya 1850 kwinini ilikuwa dawa pekee yenye nguvu dhidi ya malaria. Ilipatikana katika magome ya mti wa mkwinini kutoka Amerika ya Kusini, nayo ilikuwa ghali. Hofmann aliwahi kueleza kwamba ingekuwa faida kubwa kama ingeweza kutengenezwa maabarani.

Wakati wa likizo ya Pasaka ya mwaka 1856, Perkin alijaribu kufanya hivyo katika maabara ndogo aliyoiandaa nyumbani kwao. Fomula ya kwinini, C20H24N2O2, ilikwisha kujulikana, lakini hakuna aliyejua jinsi atomi zake zilivyopangwa. Perkin aliwaza kwamba akichukua molekuli mbili za allili-toluidini, C10H13N, akaziongezea oksijeni na kuondoa maji, hesabu ingekamilika:

2 C10H13N + 3 O → C20H24N2O2 + H2O

Kwa hesabu ya atomi mlinganyo huo ni sahihi, lakini molekuli haiundwi kwa hesabu hiyo peke yake. Badala ya kwinini alipata unga wa rangi nyekundu ya kahawia. Akaamua kurudia jaribio kwa kutumia anilini, ambayo ni sahili zaidi, pamoja na potasiamu dikromati. Safari hii alipata kitu cheusi kama masizi. Alipokiyeyusha katika alkoholi kilitoa rangi nzuri ya zambarau.

Leo inajulikana kwamba anilini aliyoitumia haikuwa safi. Ilichanganyika na toluidini, na bila mchanganyiko huo rangi ile isingetokea. Moveini yenyewe ni mchanganyiko wa molekuli kadhaa zinazofanana, na muundo wake sahihi haukuthibitishwa hadi mwaka 1994, karibu miaka 140 baada ya ugunduzi.

Kujaribu uimara wa rangi

Rangi za nguo za wakati huo zilitoka kwa mimea, wadudu na viumbe vya baharini. Zambarau ilikuwa miongoni mwa rangi zilizosumbua zaidi. Zambarau ya kale ya Tiro ilitolewa kwa konokono wa baharini, nayo ilihitaji konokono wengi mno kwa kitambaa kidogo. Zambarau nyingine ilitokana na viumbe vidogo vinavyoota juu ya magome na mawe, ambavyo ni muungano wa kuvu na mwani. Malighafi hiyo ilikusanywa katika nchi nyingi, na katika karne ya 19 ilisafirishwa Ulaya hata kutoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia Zanzibar, ambako iliitwa marere. Rangi yake ilipendeza, lakini ilipauka upesi juani.

Kwa hiyo mtia rangi aliyeonyeshwa zambarau mpya hakuuliza tu kama inapendeza. Aliuliza maswali mengine: Je, itadumu kwenye mwanga wa jua? Je, itachuja ikifuliwa kwa sabuni? Je, itashika kwenye hariri peke yake, au pia kwenye sufu na pamba? Tena, itagharimu kiasi gani kwa ratili moja ya nguo?

Perkin alianza na vipande vya hariri. Rafiki yake Arthur Church, aliyesoma naye chuoni, alimtia moyo aendelee, na kaka yake Thomas alimsaidia kutengeneza kiasi kikubwa zaidi cha rangi hiyo. Waliona kwamba hariri iliyotiwa rangi haikupoteza rangi yake ilipooshwa, na ilivumilia mwanga kuliko zambarau nyingine zilizokuwepo sokoni.

Matokeo ya nyumbani hayakutosha. Perkin alituma sampuli kwa kampuni ya Pullar, watia rangi wa mji wa Perth huko Uskoti. Robert Pullar alijibu tarehe 12 Juni 1856. Alieleza kwamba rangi hiyo ingekuwa na thamani kubwa sana iwapo isingeongeza mno bei ya nguo, kwa sababu ilikuwa ya aina iliyokosekana kwenye hariri na kwenye pamba. Alilinganisha sampuli hiyo na zambarau bora iliyokuwa ikiuzwa Uingereza wakati huo, akasema kwamba ile ya zamani haikuweza kustahimili majaribio ambayo ile mpya iliyastahimili.

Jibu hilo lilikuwa la kutia moyo lakini halikuficha tatizo. Kwenye hariri rangi ilishika vizuri, lakini kwenye pamba ilikuwa dhaifu. Wachapaji wa vitambaa vya pamba walipoijaribu hawakuvutiwa sana. Pamba ndiyo iliyokuwa nguo ya watu wengi. Rangi isiyoshika kwenye pamba ingebaki kuwa anasa ya matajiri.

Uamuzi wa kuacha chuo

Perkin aliomba hataza ya uvumbuzi wake mwezi Agosti 1856. Baadaye mwaka huohuo alimwarifu Hofmann kwamba anaondoka chuoni ili kuanzisha kiwanda. Hofmann hakupendezwa. Aliona kwamba kijana mwenye kipaji anatupa maisha ya utafiti kwa ajili ya biashara isiyo na hakika. Perkin mwenyewe alikuwa na hofu ya jambo hilo, akajiwekea nia kwamba kiwanda hakitamfanya aache utafiti.

Hatari haikuwa yake peke yake. Baba yake, ambaye awali hakutaka asome kemia, alitoa sehemu kubwa ya akiba yake kugharimia kiwanda. Kaka yake Thomas aliacha kazi ya ujenzi ili kusimamia biashara. Kati yao hakuna aliyewahi kuona kiwanda cha kemikali cha aina hiyo, kwa kuwa hakikuwepo popote duniani. Kama rangi ingepauka baada ya miezi michache mikononi mwa wateja, familia nzima ingefilisika.

Kiwanda cha Greenford

Ujenzi ulianza mwezi Juni 1857 huko Greenford Green, kaskazini-magharibi mwa London, kando ya mfereji ulioitwa Grand Junction. Kabla ya mwaka huo kwisha, rangi kutoka kiwandani ilikuwa ikitumiwa na Thomas Keith, mtia rangi wa hariri wa Bethnal Green mjini London.

Karibu kila kitu kilipaswa kubuniwa upya. Anilini haikuuzwa madukani. Ilibidi kuanza na benzini iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, kuigeuza kuwa nitrobenzini kwa asidi ya nitriki, kisha kuigeuza nitrobenzini kuwa anilini kwa kutumia chembe za chuma na asidi ya asetiki. Benzini iliyopatikana ilikuwa na ubora usio sawa, hivyo ilibidi kusafishwa tena kwa kuchemshwa na kupoozwa. Asidi ya nitriki yenye nguvu ya kutosha haikupatikana kwa wingi, kwa hiyo walitumia chumvi ya nitrati kutoka Chile pamoja na asidi ya sulfuriki. Kazi hiyo ilifanyika katika vyombo vikubwa vya chuma, na mchanganyiko uliopata joto kupita kiasi ungeweza kulipuka.

Kazi ya Perkin haikuishia kutengeneza rangi. Alilazimika pia kuwafundisha watia rangi jinsi ya kuitumia. Hariri ilivuta rangi kwa kasi mno na kutoka na mabaka. Suluhisho lilikuwa kuitia rangi katika maji ya sabuni ili rangi iingie polepole na kuenea sawasawa. Tatizo la pamba lilitatuliwa kwa kutumia tanini, kitu kinachopatikana katika magome na majani ya mimea mingi. Kitambaa kilichoandaliwa kwa tanini pamoja na chumvi za metali kilishika rangi vizuri. Perkin na Pullar walifikia njia hiyo kila mmoja kwa upande wake. Hapo ndipo moveini ilipoweza kuingia katika soko la nguo za pamba.

Rangi hiyo iliitwa kwanza zambarau ya Tiro. Baadaye ilijulikana zaidi kwa jina la Kifaransa mauve, ambalo ni jina la ua lenye rangi kama hiyo. Malkia Viktoria alivaa gauni la rangi ya mauve katika harusi ya binti yake mwezi Januari 1858, na Eugénie, mke wa mfalme mkuu wa Ufaransa, aliipenda pia rangi hiyo. Kwa miaka michache zambarau ilitapakaa katika mitaa ya London na Paris. Nchini Ufaransa, hata hivyo, Perkin hakupata haki ya hataza kutokana na kosa katika tarehe ya maombi, na viwanda vya huko vikaitengeneza rangi yake bila kumlipa.

Rangi mpya na suala la usalama

Mafanikio ya moveini yalifungua mlango kwa rangi nyingine. Mwaka 1859 François-Emmanuel Verguin wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza fuksini, rangi nyekundu inayojulikana pia kama majenta. Kila rangi mpya ilipimwa kwa maswali yaleyale ya jua na sabuni, na nyingi zilikuwa kali kwa macho lakini hazikudumu. Moveini yenyewe ilishindwa sokoni na rangi mpya za bei nafuu kabla ya miaka kumi kupita.

Pamoja na uimara, lilijitokeza swali la usalama. Katika miaka ya 1860 fuksini ilitengenezwa mara nyingi kwa kutumia asidi ya arseniki, ambayo ni sumu. Mjini Basel, Uswisi, taka za kiwanda kimoja ziliingiza arseniki katika visima vya majirani na watu wakaugua. Sumu hiyohiyo ilikuwemo katika rangi ya kijani iliyotumika kwenye karatasi za ukutani, maua ya bandia na nguo. Mwaka 1862 Hofmann, mwalimu wa Perkin, alipima majani ya bandia yaliyotumika kupamba vichwa vya wanawake, akatangaza hadharani kiasi kikubwa cha arseniki alichokikuta. Hilo lilikuwa mojawapo ya matukio ya mapema ambapo kemia ilitumika kumlinda mvaaji wa nguo.

Wafanyakazi wa viwandani walikuwa hatarini zaidi. Anilini hupenya kwenye ngozi na kuizuia damu kubeba oksijeni ipasavyo, hata midomo ya mtu ikageuka rangi ya buluu. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alieleza uvimbe wa kibofu cha mkojo miongoni mwa wafanyakazi waliotengeneza fuksini. Ilichukua miongo mingi kabla ya kemikali zilizohusika kutambuliwa vyema na kudhibitiwa kwa sheria.

Alizarini

Rangi nyekundu iliyosifiwa zaidi kwa uimara ilikuwa ile ya mizizi ya mmea Rubia tinctorum. Kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi hiyo kwa njia iliyoitwa nyekundu ya Uturuki kilivumilia jua na kufuliwa kwa miaka mingi. Kiini chake ni alizarini.

Mwaka 1868 Carl Graebe na Carl Liebermann wa Ujerumani walifaulu kutengeneza alizarini maabarani, lakini njia yao ilikuwa ghali mno kwa kiwanda. Perkin, ambaye alikuwa amechunguza vitu vya jamii hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi, alipata njia nafuu zaidi kutokana na antrasini ya lami ya makaa ya mawe. Aliomba hataza tarehe 26 Juni 1869. Graebe, Liebermann na Heinrich Caro, waliofanya kazi pamoja na kampuni ya BASF, walikuwa wamewasilisha maombi yao London siku moja tu kabla yake. Badala ya kupelekana mahakamani, pande hizo mbili zilikubaliana kugawana soko, na Perkin akabaki na soko la Uingereza.

Kiwanda cha Greenford kilitoa takriban tani 1 ya alizarini mwaka 1869, tani 40 mwaka 1870 na tani 220 mwaka 1871. Alizarini ya kiwandani ilikuwa kitu kilekile kilichomo katika mizizi, hivyo ilipita majaribio yote ya uimara. Bei yake ilishuka, na katika muda usiozidi miaka michache wakulima wa Ufaransa na Uholanzi waliotegemea kilimo cha mmea huo walipoteza soko lao.

Kurudi kwenye utafiti

Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 36, Perkin aliuza kiwanda chake. Alikuwa na mali ya kutosha kuishi bila shida. Ushindani wa Ujerumani ulikuwa ukikua, na kuendelea kungehitaji kiwanda kikubwa zaidi na wanakemia wengi waliofunzwa vizuri, ambao Uingereza haikuwa nao. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Ujerumani ndiyo iliyotawala biashara ya rangi za nguo duniani.

Perkin alitimiza nia yake ya ujana kwa kurudi maabarani. Tayari mwaka 1868 alikuwa ametengeneza kumarini, kitu chenye harufu ya majani makavu kinachotumika katika manukato. Kutokana na kazi hiyo ulitokea mmenyuko unaoitwa hadi leo mmenyuko wa Perkin, ambao hutumika kutengeneza asidi ya sinamiki na vitu vinavyofanana nayo. Katika miaka yake ya mwisho alichunguza jinsi sumaku inavyoathiri mwanga unaopita katika vimiminika mbalimbali, na alitumia vipimo hivyo kuelewa muundo wa molekuli.

Familia

Mwaka 1859 Perkin alimwoa Jemima Harriet Lissett, aliyefariki mwaka 1862. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, William Henry na Arthur George. Mwaka 1866 alimwoa Alexandrine Caroline Mollwo, naye akamzalia watoto wengine, akiwemo Frederick Mollwo Perkin. Wana wote watatu walikuwa wanakemia. Arthur George alikuwa profesa wa kemia ya rangi huko Leeds.

Mwana wa kwanza, William Henry Perkin mdogo (1860–1929), alikuwa profesa huko Manchester na baadaye Oxford. Yeye aliendeleza suala la usalama wa vitambaa kwa namna nyingine. Wakati huo watoto wa familia maskini za Uingereza walivalishwa nguo za kulalia za flaneli ya pamba, kitambaa cha bei nafuu chenye manyoya laini juu. Manyoya hayo yalishika moto kwa urahisi, na watoto wengi waliungua mbele ya moto wa kuota nyumbani.

Njia za kuzuia kitambaa kisishike moto zilijulikana tangu mwaka 1821, Joseph Louis Gay-Lussac wa Ufaransa alipoeleza matumizi ya chumvi za amonia na boraksi. Kasoro yake ilikuwa kwamba chumvi hizo ziliyeyuka katika maji. Nguo ikifuliwa mara moja, kinga ilikwisha, na mama aliyedhani mwanawe yuko salama alikuwa amedanganyika. Perkin mdogo alifanya majaribio mengi ya kuchoma na kufua kwa zamu. Hatimaye alipata njia ya kulowesha kitambaa katika sodiamu stanati, kukikausha, kisha kukitia katika amoniamu sulfati, ili oksidi ya bati ibaki ndani ya nyuzi. Kitambaa hicho kiliendelea kukataa moto hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Kazi hiyo ilionyesha kwamba uimara na usalama haviwezi kupimwa kila kimoja peke yake.

Heshima na kifo

Perkin alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1866. Alipewa Medali ya Kifalme mwaka 1879 na Medali ya Davy mwaka 1889. Alikuwa rais wa Jumuiya ya Kemia kuanzia mwaka 1883 hadi 1885.

Mwaka 1906, miaka 50 baada ya ugunduzi wa moveini, wanakemia wa nchi nyingi walikusanyika London kumheshimu, na mwaka huohuo alipewa cheo cha Sir. Alialikwa pia Marekani, ambako ilianzishwa Medali ya Perkin kwa ajili ya kemia ya viwandani. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuipokea. Medali hiyo inatolewa hadi leo.

Perkin alifariki tarehe 14 Julai 1907 nyumbani kwake Sudbury, karibu na Harrow.

Urithi

Kemia ya anilini iliyoanza na moveini ilizaa zaidi ya rangi za nguo. Rangi hizo zilitumiwa na madaktari kuona bakteria na seli kwa darubini, na kutokana nazo zilipatikana baadhi ya dawa za kwanza zilizotengenezwa maabarani.

Katika sekta ya nguo, maswali ambayo Pullar na Keith waliyajibu kwa uzoefu wa macho na mikono yao sasa yana vipimo vya kimataifa. Ili kupima uvumilivu wa rangi kwenye mwanga, kipande cha kitambaa huwekwa chini ya taa kali, nusu yake ikiwa imefunikwa, pamoja na vipande vya sufu ya buluu vyenye daraja kuanzia 1, linalopauka upesi, hadi 8, linalodumu zaidi. Ili kupima kufua, kitambaa huoshwa kikiwa kimeshonwa pamoja na kitambaa cheupe. Halafu mabadiliko ya rangi, pamoja na rangi iliyochuja na kuingia kwenye kile cheupe, hupewa alama kuanzia 1 hadi 5, ambapo 5 ni bora. Vipo pia vipimo vya jasho, msuguano na kushika moto.

Upande wa usalama, Umoja wa Ulaya unakataza nguo zinazogusa ngozi ikiwa rangi zake zinaweza kutoa baadhi ya kemikali za jamii ya anilini zinazosababisha saratani kwa zaidi ya miligramu 30 katika kila kilo ya kitambaa. Kemikali hizo ni za ukoo uleule ambao Perkin aliufungulia njia mwaka 1856.

Chupa ya moveini yenye asili ya Perkin imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London.